SAFARI YA MUANDA: SIKU TANO, AU TUACHE



Toka siku kwaya ilipopata mwaliko wa kwenda Kinshasa katika likizo ya Noeli, maneno ni mengi uwanjani. Wamoja wanasema: « Tukisha kufika Kinshasa, tufike na ku bahari, Muanda iko karibu, tuone nyama wa maji. » Wengine wanajibu kwamba feza ya kisanduku cha wanafunzi hapana ya kutembeza waimbaji. Bwana Prefe aliomba kamati ieleze safari hii iko namna gani, mbele ya mkutano wa siku ya posho. Tumeuliza wazee waliofanya kazi upande wa Bas-Congo, tumesoma biblioteki, na haya ndiyo tuliyopata.

Tuanze na lile neno « karibu ». Maji yanayopita hapa kwetu Wagenia yanashuka mpaka Kinshasa, na masua zinafuata njia ile ile, zaidi ya kilometa 1700. Lakini kutoka Kinshasa mpaka Matadi mto unaanguka juu ya mawe mara nyingi, hakuna masua inayoweza kupita. Ndiyo sababu njia ya reli ilijengwa, ikafunguliwa mwaka 1898, na watu wengi sana walikufa katika kazi ile. Sisi tutapita barabara ya lami, kadiri ya kilometa 350. Matadi tunavuka daraja la kamba za chuma lililofunguliwa 1983, lenye urefu wa metre 722. Mbele kuna Boma, uliokuwa mji mkuu wa nchi toka 1886, mpaka serikali ilipohamia Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Kutoka Boma ingali kilometa zaidi ya 100 mpaka Muanda, na hapo wazee wote wanatikisa kichwa, kwa sababu mwezi wa Desemba kule ni mvua.

Basi wale wanaotaka siku tatu wahesabu vizuri. Siku ya kwanza, Kinshasa mpaka Boma, tukibahatika. Siku ya pili, Muanda, tumechoka. Siku ya tatu tuko tena katika bisi. Tutakuwa tumelipa feza ili kuona mgongo wa dreva. Siku tano zinatosha: mbili za kwenda, moja na usiku wake pale, mbili za kurudi.

Kwa nini tusingoje likizo kubwa, wakati mvua imeisha na barabara imekauka? Swali zuri, lakini kasa hawafuati programu ya shule. Kasa ni kobe wa bahari. Wanawake wanapanda mchanga usiku kutaga mayai kuanzia mwezi wa Septemba hivi, na Desemba ni katikati ya majira yao. Mwezi wa Julai mchanga utakuwa mtupu. Tena mwezi ule wafinalisti watakuwa wametawanyika kila mtu kwao. Kwetu sisi wa kalasi ya mwisho ni Noeli hii au hakuna.

Pwani ile inapata hasa kasa wa namna mbili. Mdogo anaitwa kwa Kifaransa « tortue olivâtre », kilo 40 hivi. Mkubwa ni « tortue luth », anayepita kobe wote wa dunia: anaweza kupita kilo 400, na mgongo wake hauna gamba gumu, ni ngozi tu. Anachimba shimo kwa miguu ya nyuma, anataga mayai kadiri ya mia, anafukia, anarudi baharini na hatazami nyuma. Joto la mchanga ndilo linaamua watoto watakuwa wanaume ao wanawake: mchanga wenye joto zaidi unaleta wanawake. Mwalimu wa biolojia alituambia hili mwaka jana, na wengi hawakusadiki.

Kisha siku 50 mpaka 60 watoto wanatoka usiku na kukimbilia upande wenye mwangaza, kwa kuwa usiku bahari inang'aa kuliko nchi kavu. Hapa ndipo mtu anaweza kuwaua bila kuwagusa. Taa ya nyumba ao moto pwani unawapoteza, wanapanda juu badala ya kushuka, asubui jua linawamaliza. Na Muanda ni mji wa petroli. Mafuta ya baharini yalianza kutolewa 1975, na gesi inawaka usiku juu ya mabomba. Kwa hiyo kila mwenye kusafiri aelewe mapema: hakuna tochi ya kuchezea, hakuna kelele, hakuna kusimama mbele ya mama anayepanda. Tunakaa nyuma yake, mbali, mpaka aanze kutaga. Mwenye kushindwa kunyamaza saa mbili abaki Kinshasa na shangazi yake.

Mchana tutaingia katika mikoko, ile kitabu cha jeografia kinaita « mangroves ». Hifadhi yake iliwekwa mwaka 1992, mdomoni mwa mto, upande wa Banana. Mti wa mkoko unasimama juu ya mizizi mirefu sawa mtu anayetembea kwa fimbo, na chaza wanashika mizizi ile. Juu ya matope kuna samaki anayetembea kwa mapezi yake ya kifua, na kaa dume mwenye mkono mmoja mkubwa anaoupunga kama anakuita. Hao wanaonekana wakati maji ya bahari yamekupwa. Sisi watu wa mto hatujui jambo hili: kule maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa inasogea dakika 50 hivi. Tukifika bila kuuliza wavuvi, tutakuta maji yamejaa, na matope yote yamefunikwa.

Sasa tuseme kweli juu ya lamanteni, ndiye nguva wa Afrika, kwa sababu kalasi ya tano wanaimba jina lake kila siku. Ni mkubwa, metre tatu ao zaidi, anakula majani, na anaishi kweli katika maji yale. Lakini anatoa pua tu, kimya, tena mara nyingi usiku, na maji ni meusi. Aliwindwa sana, kwa hiyo anaogopa. Asiyetaka kwenda kama hataonyeshwa lamanteni, asilipe. Kamati haiahidi.

Jambo lingine la haraka. Nchi yetu kubwa hii ina pwani isiyofika hata kilometa 40, na Banana kazi ya kujenga bandari kubwa ilianza 2022. Bandari tunaihitaji, hatukatai. Lakini mikoko na mayai ya kasa viko jirani na pale, na tunapenda wanafunzi wetu waone kwa macho mbele ya kuanza kubishana.

Juu ya feza, kamati imekubaliana hivi: kisanduku kilipe nusu tu, kwa watu 12, si kwa kwaya nzima, na nafasi nne katika hizo ziwe za wasioimba, zipigiwe kura. Feza ile ilitoka katika shamba la mihogo ambalo wote tulilima. Mkutano ukikataa, kuna njia ndogo: siku moja kwa bonobo wa Lola ya Bonobo, karibu na Kinshasa. Nyama hii haishi porini nchi nyingine yoyote, na makao yake yote yako ng'ambo ya kushoto ya mto wetu.

Wenye kuandikwa walete karti ya mwanafunzi na barua ya mzazi. Muanda ni mpaka: kaskazini ni Cabinda ya Angola, na ng'ambo ya mdomo wa mto ni Angola tena. Mtumbwi ukivuka, ni shauri la askari. Chandarua ni lazima. Kuoga baharini ni marufuku, hata kwa wale wanaojisifu kwamba walizaliwa Wagenia, maana mawimbi yale hapana sawa mto. Na tukumbuke kwamba kule watu wanasema Kikongo na Lingala. Kiswahili chetu kitabaki ndani ya bisi.

Majina yapokelewe kwa kapita wa kila kalasi mpaka siku ya ine magaribi. Kura ni siku ya posho, kisha kazi ya mikono.

Kwa jina la kamati,
Kapita wa wanafunzi, kalasi ya sita