UZI: Ukiahidiwa chumba baridi cha maembe, uliza nini?

1/ Kila msimu wa kura ukikaribia Ukambani, ahadi ni ileile: "Tutawajengea chumba baridi, maembe hayataoza tena!" Makofi. Mimi ni mtoto wa Makueni, na hayo makofi nishayapiga. Leo tuongee kuhusu chumba chenyewe, bila kutaja mtu wala chama.

2/ Shida ni ya kweli. Maembe yetu hukomaa kwa pamoja, kati ya Novemba na Machi, na broka anajua huna pa kuyaweka. Ukikataa bei yake Jumatatu, Alhamisi utamtafuta mwenyewe. Chumba baridi kinakupa nafasi ya kusema "hapana" kwa wiki moja au mbili.

3/ Kinafanyaje kazi? Tunda likishachumwa bado linapumua. Joto likipanda kwa nyuzi 10, kupumua huongezeka mara 2 au 3, na tunda linazeeka haraka. Likianza kuiva hutoa gesi ya ethilini, ambayo huivisha na yale ya jirani. Ndio maana embe moja lililoiva huharakisha kreti nzima.

4/ Embe lililokomaa lakini bado kijani, likiwekwa kwenye nyuzi 13 hivi, linaweza kukaa wiki 2 hadi 3.

5/ Hapa ndio wengi wanateleza: baridi nyingi si dawa. Chini ya nyuzi 10 embe linaumia. Ngozi inapata madoa, na hata ukilitoa haliivi vizuri. Avokado nayo inataka nyuzi 5 hadi 7. Kwa hivyo ukisikia "chumba kimoja cha matunda yote", inua mkono.

6/ Na ufungaji? Gunia linaponda maembe ya chini na kufungia joto ndani. Kreti yenye matundu inapitisha hewa. Kuna pia plastiki maalum inayopunguza oksijeni inayofikia tunda, likapumua polepole. Lakini hakuna paketi itakayookoa embe lililochumwa saa saba mchana likaachwa juani. Chuma asubuhi, weka kivulini.

7/ Sisi tulishapeleka maembe kwenye chumba kilichozinduliwa kwa mbwembwe. Stima ikapotea siku mbili. Jenereta ilikuwepo, mafuta hayakuwepo. Mama aliyarudisha nyumbani tukalisha ng'ombe. Utepe ulikuwa na bajeti, dizeli haikuwa nayo.

8/ Kuna njia ndogo pia: kibanda cha makaa. Kuta ni za wavu, katikati kuna makaa yanayoloweshwa maji. Maji yakikauka yanabeba joto. Hakihitaji stima. Hakitafika nyuzi 13, lakini kwenye hewa kavu kama yetu kinakuongezea siku kadhaa. Pwani, penye unyevu mwingi, hakisaidii sana.

9/ Katiba ya 2010 iliwapa kaunti kazi za kilimo mashinani. Kwa hivyo kwenye kikao cha maoni kuhusu bajeti, uliza haya:
– Kitakuwa nyuzi ngapi, na cha tunda gani?
– Stima ikipotea, nani analipa mafuta?
– Mkulima atalipa ngapi kwa kreti?
– Fundi yuko wapi?
– Mnunuzi ni nani baada ya zile wiki 2?

10/ Asiyeweza kujibu hayo anakuuzia jengo tu. Nyinyi wa Embu, Machakos na Tana River, chumba chenu kinafanya kazi ama kimefungwa kufuli? Semeni hapa chini.