Maji Yaliyoua Samaki Yakalisha Miwa

Wajukuu zangu, leo twendeni mbali, Brazili, jimbo la São Paulo, kwenye mashamba ya miwa yasiyoisha machoni. Huko muwa hauishii kwenye sukari. Maji yake huchachushwa, kisha huchemshwa hadi mvuke wa pombe upande na kukusanywa. Pombe hiyo ndiyo inayoendesha magari.

Chini ya mtambo hubaki maji ya moto, rangi ya kahawia, yenye harufu kali: vinasi. Kila lita ya pombe huacha lita 10 hadi 15 za maji hayo. Serikali ilipoanzisha mpango wake mkubwa wa pombe ya magari mwaka 1975, vinasi ikazidi kumiminwa mitoni. Bakteria waliifakamia kwa pupa, wakamaliza hewa iliyomo majini, samaki wakaelea matumbo juu. Masikini, walikosa pumzi! Mwaka 1978 kuimwaga mitoni kukapigwa marufuku.

Iende wapi, basi? Watafiti wa mji wa Piracicaba walikuwa wakiijaribu mashambani tangu miaka ya 1950. Muwa hufyonza potasiamu nyingi ardhini, na potasiamu haigeuki pombe. Sehemu yake kubwa huishia kwenye vinasi, chakula kizima cha shamba kinachotupwa!

Hapa ndipo ninapopapenda. Vinasi ni chachu, na udongo mwingi wa huko nao una asidi. Asidi huyeyusha alumini iliyomo ardhini, na alumini hiyo hudumaza ncha za mizizi. Ukimwaga kichachu juu ya kichachu, si utaua shamba? Siku za mwanzo uchachu huweza kuongezeka. Kisha bakteria wa udongoni huanza kuzila zile asidi za vinasi, na wiki zinavyopita uchachu wa udongo hupungua, mizizi ikapata nafuu. Kazi ile ile iliyoua samaki mtoni huponya shambani, kwa kuwa udongo uliolegea hupitisha hewa.

Ila si dawa ya kila kitu. Wakulima bado hunyunyiza chokaa. Na vinasi ikizidi, chumvi hujaa ardhini na potasiamu huzama hadi maji ya visima. Kwa hiyo São Paulo wameweka kanuni ninayoiunga mkono kwa moyo wote: udongo hupimwa kwanza, ijulikane una potasiamu kiasi gani, ndipo kipimo cha vinasi kipangwe na pampu zifunguliwe.