Marigoldi Chitete: hesabu kuku kabla ya kuhesabu maua

Kiini cheupe kinawagharimu wauza mayai. Mlaji akipasua yai la kuku wa kisasa na kukuta kiini kimepauka, safari nyingine hununua la kienyeji hata kama bei ni ya juu. Kosa si la kuku. Chakula chake kimejengwa juu ya mahindi meupe, ambayo karibu hayana rangi ya njano ya kuhamia kwenye kiini. Kuku wa kienyeji anaokota majani siku nzima, na rangi anaipata huko.

Pengo hilo ndilo linaloweza kuingiza ua la marigoldi katika biashara ya Chitete, makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Momba, mkoani Songwe. Huku watu wamezoea kuhesabu magunia ya mahindi, ufuta na mpunga, na ua ni pambo la mbele ya nyumba. Lakini petali za marigoldi mkubwa, yule anayeitwa wa Afrika ingawa asili yake ni Mexico, zimejaa luteini, na luteini ndiyo inayokipa kiini rangi ya njano. India na China hulima ua hili kwa maelfu ya ekari kwa ajili ya viwanda vinavyokamua rangi hiyo na kuiuza duniani kote kwa watengenezaji wa chakula cha kuku.

Mfanyabiashara wa Chitete hana kiwanda cha kukamua, wala hakihitaji ili aanze. Petali zilizokaushwa na kusagwa zinaweza kuchanganywa moja kwa moja kwenye chakula. Zikiwa zimekaushwa vizuri, kilo 2 kwa tani ya chakula ni kipimo cha kuanzia. Rangi ya petali mbichi kiwandani hushika kiini kidogo kuliko ile iliyokamuliwa na kutengenezwa, kwa hiyo mchanganyaji makini atajaribu kwanza kwa kuku 20 na kupasua mayai baada ya wiki mbili. Kabla ya hapo rangi huenda haijakamilika, maana kiini huchukua siku kadhaa kujengeka.

Gharama yake ni ndogo. Tuseme unga wa petali umeuzwa Sh 8,000 kwa kilo (bei ya mfano tu, si ya soko). Tani ya chakula inaongezeka Sh 16,000, yaani Sh 800 kwa mfuko wa kilo 50. Kuku anayekula gramu 120 kwa siku na kutaga mayai 8 katika siku 10 anaongeza gharama isiyofika Sh 3 kwa yai. Kwa trei ya mayai 30 ni kama Sh 72. Mwenye banda anayepunguziwa bei ya trei kwa sababu ya kiini cheupe anaweza kujipimia mwenyewe.

Hesabu hiyo hiyo, ikigeuzwa upande wa mkulima, inatisha kidogo. Kuku 1,000 hula karibu tani 44 kwa mwaka, na wanahitaji kilo 88 tu za petali kavu. Ekari moja yenye miche 25,000, kila mche ukitoa maua 20 ya gramu 6, inatoa tani 3 za maua mabichi. Yakikauka hubaki takriban kilo 300. Hizo zinatosha kuku wapatao 3,400 kwa mwaka mzima. Wakulima kumi wakivamia zao hili msimu mmoja, watahitaji kuku 34,000 wa mayai ambao wenyewe wanajua wamewafuata wapi. Mnunuzi atafutwe kwanza: wachanganyaji wa chakula cha kuku wa Tunduma, Vwawa na Mbeya.

Maua 20 kwa mche nayo hayaji yenyewe. Marigoldi huu huwahi kuchanua siku zinapokuwa fupi, na Songwe mchana haupiti sana saa 12 na nusu hata Desemba. Mche mdogo hukimbilia kutoa tumba moja kileleni na kusahau matawi. Mkulima akiliacha kwa kulionea huruma, amejinyima mengine. Wiki ya tatu au ya nne baada ya kupandikiza, ncha hukatwa pamoja na tumba lake, na vichipukizi vya pembeni vinafumuka. Maua yanachelewa siku chache lakini yanakuja mengi.

Kosa la pili ni urea. Mkulima wa mahindi ameshazoea kwamba ukijani mzito ni dalili njema. Kwa marigoldi, mbolea nyingi ya kukuzia hutoa kichaka kirefu chenye majani ya kupendeza na maua ya kuhesabu kwa vidole. Samadi iliyooza kabla ya kupanda inatosha ardhi nyingi. Kivuli nacho ni adui, hivyo isipandwe chini ya miembe.

Kuchuma ndiko kunakoendelea kuuita ua. Ua likiachwa mpaka litoe mbegu, mche unaona kazi imekwisha. Mashamba yapitiwe kila baada ya siku chache, yachumwe yaliyofunguka kabisa, baada ya umande kukauka. Ekari nzima ni maua nusu milioni yanayochumwa kwa mkono. Malipo ya vibarua ndiyo yatakayoamua faida, si mbegu.

Msimu una maana kubwa. Mvua za Songwe huanza Novemba na kwisha Aprili, na petali zilizolowa huoza. Mbegu ikimwagwa kitaluni mwanzoni mwa Machi na miche kupandikizwa mwisho wa mwezi, mavuno yataangukia kiangazi, wakati kukausha ni rahisi. Hapo maji ya ndoo au ya kisima yatahitajika, na utitiri mwekundu uangaliwe chini ya majani. Shamba lililopigwa dawa kali lisichumwe kwa ajili ya kuku.

Ukaushaji ufanywe kivulini, juu ya kichanja chenye hewa. Jua kali huiunguza rangi ile ile inayouzwa, na mwanga wa ghala huendelea kuila. Mifuko myeusi iliyofungwa vizuri husaidia, lakini mzigo uliokaa mwaka hauna thamani ya mzigo mpya, na mnunuzi anayejua kazi ataubagua. Wengine watajaribu kuchanganya na bangi mwitu, gugu la ukoo huo huo linaloota mashambani. Maua yake ni madogo na yamepauka, rangi haina.

Kwa anayeanza, robo ekari inatosha. Itatoa kilo 75 hivi, mzigo unaoweza kubebwa na bodaboda mmoja hadi kwa mchanganyaji, pamoja na trei ya mayai ya majaribio.