Majirani wa Ukuta Mmoja Mjini Kochi

Huku kwetu neno "Mhindi" hutamkwa kana kwamba latosha kueleza dini ya mtu, lugha yake na chakula chake. Katiba ya India leo inazitaja lugha 22, na dini zilizozaliwa katika nchi hiyo ni nne: ya Kihindu, ya Kijaini, ya Kibudha na ile ya Makalasinga.

Apendaye kuutazama mchanganyiko huo kwa karibu, na autazame mji wa Kochi katika jimbo la Kerala. Hiyo ni bandari ya kale ya pilipili manga, iliyofikiwa na majahazi kwa pepo zile zile za kusi na kaskazi tuzijuazo sisi. Katika mtaa wa Mattancherry mna sinagogi, nyumba ya sala ya Wayahudi, iliyojengwa mwaka 1568 katika kiwanja walichopewa na mfalme wa Kochi, kando ya jumba lake na hekalu lake la Kihindu. Wareno waliliharibu mwaka 1662. Likajengwa upya baada ya Waholanzi kuwatoa. Sakafu yake ni vigae vya Kichina vya buluu na nyeupe, vilivyochorwa kwa mkono.

Lakini sisi wa kurasa za nyumbani twapenda zaidi kuchungulia jikoni. Sheria ya Wayahudi yakataza nyama kuchanganywa na maziwa ya mnyama. Mama wa Kiyahudi wa Kochi hakupata taabu: kuku wake alimwunga kwa tui la nazi, kama jirani yake. Mkristo siku ya Pasaka huandaa appam, mkate laini wa mchele na nazi, ambao mtu wa pwani yetu angeuita kibibi bila kuuliza. Mwislamu ana pathiri, nyembamba kama chapati, nayo ni ya unga wa mchele. Wafuasi wa dini ya Kihindu, ifikapo sikukuu ya Onam, hupakua wali na mboga za namna nyingi juu ya jani la mgomba, na wasio wa dini hiyo nao husherehekea. Wote lugha yao ni Kimalayalam. Hata wanawake wa Kiyahudi walikuwa na nyimbo zao katika lugha hiyo.

Si India yote iishiyo hivi. Tarehe 6 Desemba 1992, huko Ayodhya kaskazini, umati uliubomoa msikiti wa karne ya 16, na damu nyingi ikamwagika katika miji mingi.

Wayahudi wa Kochi hawakufukuzwa na mtu. Israel ilipoundwa mwaka 1948 walianza kuhama wenyewe, wengi wao katika miaka ya 1950. Sala yao ya jamaa huhitaji wanaume kumi, na leo waliosalia mjini, wake kwa waume, wanahesabika kwa vidole. Waingiao sinagogi sasa ni watalii, wakiwa wamevua viatu. Waliohama waliyachukua mapishi yao ya tui hadi Nevatim, katika jangwa la Negev, mahali pasipoota mnazi.