Maneno ya Kiingereza Yenye Sauti Moja

Mtu aliyezoea Kiswahili huandika neno kama alisikiavyo. Lakini katika Kiingereza sikio peke yake ni shahidi asiyeaminika, kwa kuwa maneno mengi hutamkwa sawasawa na maana zake ziko mbali mbali. Barua ya kuomba kazi yenye kosa la namna hii huweza kuwekwa kando kabla haijasomwa mpaka mwisho, hata kama aliyeiandika ni hodari.

Mkulima na aanzie shambani. "Sow" ni kupanda mbegu, bali "sew" ni kushona nguo. "Flour" ni unga, na "flower" ni ua. Ajabu ni kwamba haya mawili hapo kale yalikuwa neno moja, maana unga mweupe ulihesabiwa kuwa ua la ngano, yaani sehemu yake iliyo bora.

Karani naye ajihadhari na "stationery", yaani karatasi, bahasha na wino, asiandike "stationary", ambayo maana yake ni kitu kilichosimama mahali pamoja. Akumbuke kwamba bahasha ni "envelope", nayo huanza kwa herufi e. "Principal" ni mkuu wa chuo, au fedha iliyokopwa kabla ya kutiwa riba. "Principle" ni kanuni. "Cheque" ni hundi, na "check" ni kukagua.

Je, mchafuko huu ulitoka wapi? Zamani herufi k katika "knight", yaani askari wa farasi, ilisikika wazi, hata neno hilo halikuweza kudhaniwa kuwa "night", usiku. William Caxton alileta mtambo wa kupiga chapa Uingereza mwaka 1476, na polepole maandishi yakashika desturi moja. Lakini ndimi za watu hazikungoja, ziliendelea kugeuka.

Wala Mswahili asicheke. "Kaa" ni mnyama wa pwani, ni kipande cha moto, tena ni kuketi! Kiingereza angalau hulipa jicho alama ya kutofautisha.

Basi, dawa ni hii: maneno hayo yafundishwe mawili mawili, kila moja ndani ya sentensi yake, na kamusi iwe karibu. Na barua ikiisha kuandikwa, isomwe tena polepole kabla ya kutiwa sahihi. Haba na haba hujaza kibaba.