‘Aliniuzia ng’ombe’: Kauli moja ya Kiswahili, maana kadhaa kwa Kiingereza

Ukisimama sokoni Lwakhakha, kwenye mpaka wa Bungoma na Uganda, utasikia Lubukusu, Lumasaaba, Kiswahili na Kiingereza katika biashara moja. Lugha tatu za kwanza ni za Kibantu, nazo zina nafasi ya kumtaja mtendwa ndani ya kitenzi. Kiingereza humweka nje. Tofauti hiyo inaweza kumletea mtu hasara.

Hebu tutazame sentensi hii: “Wafula aliniuzia ng’ombe.” Huenda mimi ndiye mnunuzi. Huenda pia ng’ombe ni wangu, na Wafula alinisaidia kumuuza. Tena kuna ile ya malalamiko: ng’ombe alikuwa wangu, jamaa akamuuza bila ruhusa! Kiambishi -i- cha kauli ya kutendea kinabeba yote hayo, na sisi hutegemea muktadha.

Kiingereza hakina -i- hiyo. Mara nyingi kinatumia vihusishi, na hapo ni lazima uchague kimoja. “He sold it to me” inanifanya mnunuzi. “He sold it for me” inanifanya mwenye mali. Maana ya tatu inahitaji maelezo zaidi: “He sold my cow without my permission.” Sasa fikiria mlalamishi anayeeleza mambo kwa Kiswahili, na afisa anaandika taarifa kwa Kiingereza. Akiweka “to” badala ya “for”, mwenye ng’ombe amegeuka mnunuzi. Heri amuulize kwanza: ng’ombe alikuwa wa nani?

Tazama pia kile kiwakilishi “it”. Kiswahili sanifu hakiweki viambishi viwili vya mtendwa katika kitenzi kimoja. Twasema “aliniuzia”, hakuna asemaye “alinimuuzia”. Nafasi ikishachukuliwa na -ni-, ng’ombe anabaki kueleweka tu. Ndiyo maana wengi wetu husema “He sold to me” au “Bring for me”, tukifuata “aliniuzia” na “niletee”. Mwingereza atauliza: nini? Kwake, kitu kilichouzwa au kinacholetwa hutajwa, hata kama sote tunakiona.

Jambo hilihili liko katika mazungumzo ya vijana: “Nitakupick steji.” Kiambishi -ku- kimeingia mahali pake pa Kiswahili, na “up” imeachwa njiani. Kisha tunasema “I’ll pick you at the stage”, ambayo Kitale na Mombasa inaeleweka bila shida. Binafsi siicheki, hiyo ni Kiingereza chetu. Lakini London anaweza kudhani umemteua kwa kazi fulani. Wao husema “pick you up”.

Mwanafunzi anayetaka kujua kiwakilishi kikae wapi aanze na nomino. “Pick up the sack” na “pick the sack up” zote ni sawa, ila gunia likiwa “it”, ni “pick it up” peke yake. “Look after the cow” haigeuki hivyo, kwa sababu “after” hapo ni kihusishi na hufuatwa na nomino au kiwakilishi chake: “look after it”. Ukisema “look it after”, hakuna atakayejua kama ng’ombe anachungwa au anatafutwa.