Duara Linalobeba Tani 19

Nchini Marekani na Kanada ziko nyumba nyingi ambazo uani pake pamesimama bwawa la kuogelea lisilochimbwa ardhini. Bwawa la aina hiyo hununuliwa likiwa vipande: ukuta wa bati jembamba uliokunjwa kama mkeka, nguzo, turubai la plastiki la kuzuia maji yasivuje, na reli fupi za chuma zilizopindwa, ambazo zikiungwa hufanya duara. Duara hilo ndilo kitako cha bwawa. Ni jepesi kiasi kwamba mtoto aweza kuinua kipande chake kwa mkono mmoja. Hata hivyo, kosa la sentimeta chache katika kulilaza laweza kuangusha bwawa zima, na maji yakafagia kila kilicho kando yake, watu wakiwamo.

Uzito si tatizo

Tuchukue bwawa lenye kipenyo cha meta 4.5 na maji ya kina cha meta 1.2. Eneo la sakafu yake ni meta za mraba 15.9, na ujazo wa maji ni meta za ujazo 19.1. Kwa kuwa meta moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, ardhi hubebeshwa tani 19, yaani tani 1.2 kwa kila meta ya mraba.

Mzigo huo waonekana mkubwa, lakini kwa ardhi si mkubwa. Mtu wa kilo 70 asimamaye kwa nyayo mbili, zenye eneo la sentimeta za mraba 300 hivi, huikandamiza ardhi kwa kanieneo inayokaribia maradufu ya hiyo. Hatari, basi, haitokani na uzito wenyewe. Hutokana na umbo na usawa wa kitako.

Kwa nini duara?

Mwaka 1586 Simon Stevin, mtaalamu wa hisabati kutoka Flandria, alieleza kwamba kanieneo ya maji hutegemea kina chake, wala si wingi wake. Kwa hiyo ukuta husukumwa kidogo juu na sana chini. Ukuta wa duara hugawana msukumo huo sawasawa pande zote, na bati huvutwa tu bila kukunjwa, kama pete ya chuma ivutwavyo na mbao za pipa. Tukiukata ukuta kwa mawazo kutoka juu hadi chini, kani inayovuta pande mbili za mkato ni sawa na uzito wa tani 1.6. Bati jembamba lastahimili mvuto huo, ingawa bati hilohilo hukunjika kwa mikono mitupu.

Endapo kitako si duara kamili, sehemu iliyonyooka husukumwa nje ili ipinde. Hapo bati hukunjwa badala ya kuvutwa tu, na udhaifu wake hudhihirika.

Gharama ya mwinamo

Tuseme upande mmoja uko chini kuliko wa pili kwa sentimeta 5. Mwinamo huo ni sehemu moja kwa 90, na jicho halitauona. Lakini sehemu moja kwa 90 ya tani 19 ni kilo 212. Kani ya kiasi hicho itausukuma ukuta kuelekea upande wa chini usiku na mchana, na sakafu haitasaidia kuizuia, kwa maana maji hayasugui sakafu yanapotulia.

Jinsi kitako kinavyolazwa

Kwanza hupigwa kigingi katikati, na kwa kamba huchorwa duara. Majani na mizizi huondolewa. Kisha udongo wa upande wa juu huchimbwa hadi ulingane na wa chini. Upande wa chini haujazwi, kwa sababu udongo wa kujaza hushindiliwa na maji na kudidimia baadaye.

Chini ya kila kiungo cha reli huzikwa tofali bapa la zege, uso wake ukiwa sawa na ardhi, ili uzito wa nguzo usizamishe kiungo. Kupima kwa pima maji fupi hakutoshi: kosa la milimeta 2 katika sentimeta 60 huwa milimeta 15 katika meta 4.5. Mafundi hutumia mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani. Ncha zote mbili zikiwa wazi, na mpira ukiwa hauna mapovu, maji husimama kimo kimoja hata mpira ukipinda njiani.

Umbo hupimwa kutoka kwenye kigingi hadi kila kiungo. Kupima vipenyo pekee hudanganya, maana yako maumbo yenye upana ulio sawa kila upande ambayo si duara.

Mwisho, maji hujazwa sentimeta 3 tu, kazi ikasimama, na kina kikapimwa kuzunguka bwawa. Kosa likionekana, hupotea nusu tani ya maji. Kosa hilohilo likigunduliwa bwawa limejaa, hupotea lita 19,000, kama ukuta ungali umesimama.

Jaribio la darasani

Shule yenye tangi la maji ya mvua inaweza kuirudia hesabu hii. Wanafunzi wachukue mpira wa meta 10, wapime kimo cha kitako cha tangi lao katika pande nne, kisha wakokotoe mwinamo wake na kani inayousukuma ukuta. Vipimo vya leo viandikwe daftarini na kurudiwa baada ya masika. Tofauti itakayoonekana huenda ikaonyesha kwamba ardhi inadidimia, na kwamba tangi linahitaji fundi kabla ya mvua nyingine.